Joho Lililobaki Troa

Somo la juma hili ni Waraka wa Pili wa Paulo kwa Timotheo, sura ya 4, kuanzia mstari wa 6 hadi wa 21. Naomba tusiishie mstari wa 8 kama tulivyozoea. Mstari wa 7 tunaujua wote. Umeandikwa kwenye misalaba ya makaburi yetu, kwenye fulana za msiba na kwenye kadi za kuwaaga wastaafu: mtumishi amepiga vita, amemaliza mwendo, imani ameilinda. Mstari wa 8 unaleta taji. Hapo msomaji hufunga Biblia, kwaya ikasimama, na watu wakafuta machozi.

Paulo hakuifunga barua yake hapo. Mara tu baada ya taji, mtu yule yule aliyemaliza mwendo anamwomba Timotheo aje kwake upesi. Anaeleza kwamba Dema amemwacha, Kreske amekwenda Galatia, Tito amekwenda Dalmatia, na aliyebaki naye ni Luka peke yake. Anaomba aletewe Marko. Anaomba joho aliloliacha Troa nyumbani kwa Karpo, na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Na kabla ya kuaga anasisitiza tena kwamba Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi.

Mzee yuko kifungoni Rumi. Mbio zake zimekwisha, taji analijua liko wapi, na bado mwili wake unasikia baridi kama mwili wa mtu yeyote.

Nimelirudia somo hili kwa sababu ya swali la vijana wetu. Mnawafahamu wale wavulana ambao jioni, kivuko kikishaondoka kuelekea mjini, hushindana kwa baiskeli ndogo za BMX kwenye mteremko wa kushukia gati hapa Kamanga. Wazazi wengine wanalalamika kwamba watavunjika shingo, na kuhusu breki wana haki ya kulalamika. Vijana hao waliniuliza baada ya ibada: “Mchungaji, hivi wale waliokuwa wakishindana baiskeli zamani, sasa hivi wako wapi?” Nadhani walitarajia nitawatajia majumba na magari. Nimelichukulia swali lao kwa uzito, maana ni swali la mtu anayetaka kujua njia inaishia wapi kabla hajaianza.

Mchezo wa BMX wenyewe ulianzia California, Marekani, miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, watoto walipoanza kuwaiga waendesha pikipiki za kwenye matuta kwa kutumia baiskeli zao za kawaida. Washindani wanane hupangwa kwenye lango, lango linadondoka, na sekunde 40 hivi baadaye kila kitu kimekwisha. Uliingia kwenye Olimpiki mwaka 2008 kule Beijing. Katika waliopita kwenye mchezo huo, mmoja nataka vijana wamjue. Anaitwa Chris Hoy, wa Edinburgh, Scotland. Akiwa mtoto mdogo aliona baiskeli hizo kwenye filamu ya E.T., ya mwaka 1982, akazipenda. Baiskeli yake ya kwanza ilinunuliwa kwa pauni 5 kwenye mnada wa vitu vikuukuu. Alishindana tangu umri wa miaka 7 hadi 14, akawa miongoni mwa watoto bora wa Ulaya, kisha akaachana na BMX. Baadaye alihamia kwenye mbio za baiskeli za uwanjani, na huko akapata medali 6 za dhahabu za Olimpiki: moja Athens mwaka 2004, tatu Beijing mwaka 2008, mbili London mwaka 2012.

Hoy alistaafu mwaka 2013. Miaka 10 baadaye alikwenda kupima bega lililokuwa likimuuma, akidhani ni jeraha la mazoezi. Wakakuta saratani. Ilikuwa imeanzia kwenye tezi dume na imesambaa hadi kwenye mifupa. Oktoba 2024 aliutangazia ulimwengu kwamba madaktari wamempa kati ya miaka 2 na 4. Alikuwa na umri wa miaka 48, ana watoto wawili wadogo, na mke wake naye ni mgonjwa.

Wanaume wa Kamanga, hapa nazungumza nanyi ana kwa ana. Yule bwana angeweza kujifungia ndani, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alisimama akasema kwamba baba yake na babu yake walipata ugonjwa huo huo, na akawasihi wanaume wakapime mapema. Wengi kule Uingereza walikwenda. Mwaka 2025 aliandaa msafara mkubwa wa baiskeli mjini Glasgow kwa ajili ya watu wenye saratani iliyofika hatua ya nne, kuonyesha kwamba mtu wa hatua hiyo bado anaishi. Sisi tuna Bugando ng’ambo ya maji, tuna hospitali Sengerema, na kuna kipimo cha damu kwa ajili ya tezi dume. Lakini mwanaume wetu ataamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, atakunywa mizizi mwaka mzima, na hatamwambia hata mke wake. Mwenye miaka 50 na kuendelea, na aliyewahi kuona baba au ndugu akiugua hivyo hata kama hajafika umri huo, aende akapime. Anayeona aibu kwenda peke yake aje kwangu tuvuke pamoja.

Usiku wa ufunguzi wa Olimpiki ya London, Julai 2012, Hoy ndiye aliyebeba bendera ya Uingereza. Usiku huo huo bendera ya Rwanda ilibebwa na mwendesha baiskeli pia, Adrien Niyonshuti. Huyu alinusurika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 akiwa mtoto, na ndugu zake kadhaa waliuawa. London alishiriki mbio za baiskeli za milimani. Hakupata medali, alimaliza wa 39. Baada ya hapo alianzisha chuo cha kufundisha vijana kuendesha baiskeli kule Rwamagana, na baadaye akaenda Benin kuwa kocha. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Watu waliojipanga kando ya barabara wakishangilia walilelewa kwenye mapenzi ya mchezo huo na watu wa kizazi cha Niyonshuti.

Jirani zetu wa Kenya wana David Kinjah, aliyekuwa nahodha wa timu yao ya taifa. Nyumbani kwake, kijiji cha Mai-a-Ihii, Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, aliwakusanya watoto wa kijiji akawafundisha kuendesha baiskeli na kuzitengeneza. Siku moja mama Mzungu alimleta mwanawe wa miaka 12 hivi. Mtoto yule, Chris Froome, alikula ugali na wenzake, akalala kwenye nyumba ile ya mabati, akajifunza kufungua na kufunga baiskeli. Alikuja kushinda mashindano ya Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Kinjah alibaki kijijini na watoto wengine. Mtu akiniuliza ni yupi kati ya wawili hao aliyefika mbali zaidi, nitasita kumjibu.

Sisi Watanzania umaarufu wetu haukutokana na baiskeli; ulitokana na mbio za miguu. Niwataje wachache, maana watoto wetu wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya kuliko ya hawa. Suleiman Nyambui ni mtoto wa ziwa letu hili, mzaliwa wa Majita, upande wa Musoma. Mwaka 1980 kule Moscow alipata medali ya fedha ya mita 5,000. Filbert Bayi wa Karatu naye alipata ya fedha kwenye michezo hiyo hiyo, mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hadi leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Bayi ndiye aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho bila kumpisha mtu. Mwaka 1976, alipokuwa bado kwenye ubora wake, Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na yeye akakaa nyumbani. Sijui ni wangapi kati yetu wangekubali kutoa sadaka ya namna hiyo.

Na wako wapi? Nyambui alisoma chuo kikuu huko El Paso, Texas, akashinda mbio ndefu za Berlin mwaka 1987 na tena 1988, kisha akawa kocha, akafundisha hata Brunei, na aliwahi pia kuwa katibu mkuu wa chama cha riadha nchini. Bayi alijenga shule, Kimara jijini Dar es Salaam na Mkuza kule Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki. Juma Ikangaa, askari wetu aliyemaliza wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na akashinda New York mwaka 1989, ametumia nguvu zake za uzeeni kuwaandalia wasichana mashindano ya riadha Dar es Salaam kwa msaada wa Wajapani.

Halafu yupo John Stephen Akhwari wa Mbulu. Kwenye mbio ndefu za Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, aliangushwa njiani, goti likateguka, akafungwa bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeingia, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Jibu alilotoa alipoulizwa kwa nini hakuacha, kila mwalimu wa michezo analijua. Lakini ni wangapi wanajua kwamba baadaye alirudi Mbulu kulima? Alialikwa Sydney mwaka 2000, na mwaka 2008 alishiriki mbio za mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam. Katikati ya 1968 na 2000 kuna miaka 32. Mingi kati ya hiyo ni miaka ya kuamka alfajiri kwenda shamba na goti lililowahi kuteguka mbele ya dunia nzima. Picha ya bandeji ilizunguka mataifa yote. Mwenye goti alikuwa akipalilia.

Nataka mkae hapo kidogo, maana hapo ndipo tunapokutana na joho la Paulo. Tunapenda sana mtu anapomaliza. Tunapiga makofi, tunampa kiti cha mbele, tunampiga picha. Kisha tunamwachia taji lake tukidhani linatosha kumfunika usiku.

Katika usharika wetu yupo mzee ambaye miaka ya ujana wake alikuwa akishindana baiskeli za barabarani katika wilaya hizi za Usukumani, kwa baiskeli za kawaida zile nzito za kubebea mizigo, zikiwa zimevuliwa keria na madigadi ili ziwe nyepesi. Sitamtaja jina. Baada ya mashindano alibeba abiria kwa baiskeli mpaka pikipiki zilipoingia kwa wingi. Sasa ni fundi. Amekalia dumu lililokatwa kwa sababu goti moja halikunji, na akikalia kiti cha chini sana hawezi kuinuka. Nendeni mkamtazame anavyonyoosha ringi. Anaipindua baiskeli isimame kwa tandiko na usukani, anazungusha gurudumu, anaweka ukucha wa kidole gumba karibu kabisa na ringi bila kuigusa, na anatega sikio. Pale ringi inapokwaruza ukucha, ndipo ilipopinda. Anakaza spoku moja nusu mzunguko, analegeza ya upande wa pili robo, anazungusha tena. Hana haraka. Kijana aliyemletea baiskeli anataka awahi kivuko, naye anamwambia, “Subiri baba, ikitoka hapa isikuangushe.”

Nilipokwenda kumsalimia aliniambia neno ambalo limekaa nami. Alisema siku aliyoshinda, watu wa kanisa walimbeba juu juu toka barabarani hadi mlangoni, na mama mmoja alimvisha khanga mabegani. Kisha akasema, bila uchungu, kwamba tangu goti lilipokataa kumpeleka ibadani, wanaokuja ni wenye pancha. Nilimuuliza anahitaji nini. Alidhani nauliza kuhusu maombi. Nilipomuuliza tena, akasema: kiti chenye urefu unaofaa, na mtu wa kumsomea, kwa sababu macho hayaoni tena herufi ndogo.

Kiti, na msomaji. Paulo aliomba joho na vitabu.

Wengine wanaona aya hizo za mwisho za barua kuwa ni mambo madogo yaliyobaki kama makapi baada ya nafaka kuchukuliwa. Mimi naona Roho Mtakatifu aliziacha humo kwa makusudi. Kama mtume angemaliza kwenye taji, tungepata kisingizio cha kuamini kwamba mtu mkubwa wa imani hahitaji chochote tena kwetu. Hakuona aibu kusema nahisi baridi, nimeachwa, njoo. Wazee wetu wengi wanaona aibu kusema hivyo. Wamelelewa kuamini kwamba mwanaume haombi. Kwa hiyo ni sisi tunaopaswa kuuliza, na kuuliza mara ya pili, maana jibu la mara ya kwanza huwa “Tuko salama tu, Mchungaji.”

Wanaohitaji kuulizwa hivyo sio wanamichezo peke yao. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na tunamshukuru Mungu kwa hilo; wagonjwa waliokuwa wakisubiri kivuko usiku sasa wanapita. Lakini pande zote mbili za kivuko cha pale kulikuwa na akina mama waliolea watoto kwa kuuza samaki wa kukaanga na mihogo kwa abiria waliokuwa wakisubiri. Magari hayasubiri tena. Kuna wachukuzi, kuna waliokuwa wakiongoza magari kuingia kivukoni, wenye ujuzi wa miaka mingi ambao asubuhi moja haukuhitajika. Nao ni watu ambao mwendo wao umekwisha wakiwa bado wana nguvu. Tusiwahubirie habari za taji. Wengine wana jamaa humu kanisani. Tuulize wanafanya nini sasa.

Limebaki jina moja kwenye barua, nami sitaki tulipite. Paulo anasema Marko aletwe, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Someni Matendo 13, mstari wa 13: Marko huyu ndiye aliyeacha safari kule Pamfilia akarudi nyumbani. Katika sura ya 15 Paulo alikataa katakata kwenda naye tena, hata akagombana na Barnaba, rafiki yake, wakaachana. Marko alikuwa mtu aliyeshindwa kumaliza mbio. Miaka ikapita, na bingwa aliyemaliza akamwita yeye. Barua haielezi walipatana vipi. Nadhani Barnaba alifanya kazi kubwa ambayo haikuandikwa, kwa kumchukua kijana aliyetajwa kuwa ameshindwa na kusafiri naye hadi Kipro. Kila mwenye baiskeli mkononi anahitaji kocha kama Kinjah, na kila aliyedondoka kabla ya mstari anahitaji mtu kama Barnaba. Humu usharikani tuna vijana waliorudi toka mjini kimya kimya, walioacha chuo, waliofukuzwa kazi, na wanapita njia ya nyuma ili wasikutane na watu wanaotoka ibadani. Mzee anayetaka msomaji, na kijana aliyesoma hadi kidato cha nne akakaa nyumbani anaona haya: hao wawili wanaishi hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwenzake. Juma lililopita niliongea na kijana mmoja wa namna hiyo. Amekubali kwenda kusoma jioni, siku mbili kwa wiki. Mzee naye amesema atamfundisha kunyoosha ringi.

Fundi seremala wetu ameshaahidi kiti. Jumamosi hii, baada ya saa tisa alasiri, umoja wa wanaume utakipeleka kwa yule mzee, na tumewaalika wale wavulana wa BMX waje na baiskeli zao zote, hasa zisizo na breki. Akina mama mnaotaka kuungana nasi, karibuni. Leteni Biblia ya maandishi makubwa kama mnayo nyumbani haitumiki. Vijana, najua mna hamu ya kusikia habari za mashindano, naye atawasimulia kwa furaha. Lakini mkifika, mkishamwamkia, anzeni kwa kumuuliza goti linaendeleaje, na mngoje jibu la pili.